Pesa za Kulala Siku 28

Jumapili moja mwezi wa Juni, baada ya chakula cha mchana, binti wa marehemu kaka yangu aliosha vyombo vyote bila kuombwa, akafuta meza mara mbili, kisha akaja kuketi karibu nami. Nimemlea mtoto huyu tangu akiwa darasa la tatu. Akifuta meza mara mbili, ana neno.

"Shangazi, naomba uniwekee pesa kwenye akaunti. Sitazigusa. Zilale siku ishirini na nane tu, halafu uzichukue."

Nilikuwa nachambua omena kwenye ungo, nikaendelea kuchambua. Nilimuuliza ni kiasi gani, ingawa nilijua. Alinitajia kwa pauni, nadhani kwa sababu kwa shilingi kiasi hicho kingemkwama kooni.

Nikamwambia nitafikiri.

Wiki sita zimepita tangu Jumapili ile, na sijaacha kufikiri.

Shangazi hayumo kwenye fomu

Amepata nafasi ya shahada ya uzamili nchini Uingereza, katika mji ulio nje ya London, na mfuko mmoja wa ufadhili umekubali kumlipia karo yote. Pongezi zimemiminika kuanzia Kondele, hapa Kisumu, hadi Bondo. Ambacho wengi wa wanaopongeza hawakijui ni kwamba karo ikishalipwa kunabaki gharama za kuishi, na hizo ni lazima uonyeshe kwamba unazo kabla hujapewa viza. Kwa kiwango kilichoanza Januari 2025, mwanafunzi wa nje ya London alitakiwa kuonyesha pauni 1,136 kwa kila mwezi, kwa miezi isiyozidi 9, jumla pauni 10,224. Usiku ule nilizigeuza kwa kiwango cha siku hiyo, nikapata karibu shilingi milioni 1.78.

Waliopitia njia hii wanajua masharti yake kwa moyo. Pesa zikae siku 28 mfululizo, zisishuke hata usiku mmoja, kwa maana zikishuka siku ya 19 unaanza kuhesabu upya. Tarehe ya mwisho ya taarifa ya benki isiwe na zaidi ya siku 31 unapotuma ombi. Akaunti iwe ya mwombaji mwenyewe au ya mzazi, na ikiwa ni ya mzazi, uambatanishe cheti cha kuzaliwa na barua ya kuridhia. Mlezi anakubaliwa, ila awe mlezi kwa mujibu wa sheria, mwenye karatasi.

Mimi sina karatasi. Shule ilipompeleka hospitalini akiwa kidato cha pili, ni mimi waliyenipigia simu, na ni mimi niliyetia sahihi ili apasuliwe. Hakuna aliyeniuliza uthibitisho wa ulezi. Mama yake yuko hai, anauza mboga soko la Kibuye, na akaunti yake haijawahi kulala na tarakimu sita. Kwa hiyo njia iliyobaki ni moja: pesa ziingie kwenye akaunti ya binti mwenyewe, kwa jina lake, na yeye atie sahihi kwamba ni zake.

Neno "zake" ndilo lililoninyima usingizi.

Kusaidiana

Ni lazima nieleze nilivyokwenda Uingereza mimi mwenyewe, na nieleze bila kupamba, kwa sababu hadithi niliyoisimulia kwenye harambee na mahafali kwa miaka mitatu imepambwa mno.

Mwaka 2022 kiasi kilikuwa pauni 9,207, ambazo kwa wakati ule zilikuwa takriban shilingi milioni 1.3. Nilikuwa na akiba yangu ya 310,000. Baba mdogo alichukua mkopo kwenye sacco akanitumia 400,000. Chama cha mama, wanawake 14 wanaouza samaki na mboga, kilitoa 350,000. Kanisa lilitoa 90,000, na mwenzangu kazini 150,000. Nilikuwa nazijumlisha kila usiku kana kwamba zingebadilika gizani.

Je, nani alinipa na nani alinikopesha? Hakuna aliyesema, na mimi sikuuliza. Kila mmoja alisema neno lilelile: tutasaidiana. Neno hili lina adabu kubwa, na adabu hiyo ndiyo huliwezesha kubeba mambo mawili yasiyofanana. Anayetoa anaweza kumaanisha zawadi, anayepokea akasikia mkopo, au kinyume chake, na wote wawili wakaagana wakitabasamu. Katika matanga na katika mahari neno hilo linatutosha, kwa kuwa tutakutana tena na kila mtu anakumbuka. Fomu ya viza haina mahali pa kuliandika.

Siku 28 zilipotimia nilikwenda benki nikaomba taarifa. Karani alipiga mhuri kila ukurasa, polepole, akilowesha kidole kila mara alipofunua. Jina langu lilikuwa juu ya kila ukurasa kwa herufi kubwa, peke yake. Baba mdogo hakuwepo, na wale mama 14 hawakuwepo. Nilitoka nje kwenye jua la Oginga Odinga Street nikiwa nimebana bahasha kwapani, nikajiona tajiri kwa muda wa kama dakika nne.

Ombi lilipokwisha kutumwa, asubuhi iliyofuata mwenyekiti wa chama alinipigia simu.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, mama."

"Na zile pesa, zimeamka?"

Nilizirudisha kwa M-Pesa kwa mikupuo mitatu, siku mbili, kwa sababu ya kikomo cha kutuma kwa siku. Mwenzangu kazini alifuata wiki hiyohiyo. Baba mdogo hakudai, lakini makato ya sacco yalikuwa yameanza na nilimwona akienda kazini kwa miguu, basi nikamrudishia nusu. Ongeza ada ya viza, ongeza pauni 705 za huduma ya afya zinazolipwa kabla ya kuondoka, ongeza safari za Nairobi kwa ajili ya alama za vidole na kipimo cha kifua kikuu, ongeza tiketi ya ndege.

Nilitua Uingereza mwishoni mwa Septemba nikiwa na pauni 410.

Sikuhisi kwamba nimedanganya. Nilihisi kwamba nimevuka.

Mwezi wa Novemba

Sheffield ni mji wa vilima, na chumba changu kilikuwa juu ya kimojawapo. Kodi ilikuwa pauni 98 kwa wiki, na mwenye nyumba alitaka wiki nne za mwanzo kwa pamoja. Fanya hesabu mwenyewe. Alinihurumia akakubali wiki tatu.

Nilikuwa nimejipanga kufanya kazi. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa shahada saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na mshahara wa chini mwaka ule ulikuwa pauni 9.50 kwa saa, kwa hiyo kwenye daftari langu nilikuwa na pauni 190 kila wiki tangu juma la kwanza. Daftari halikujua kwamba nyumba ya kutunzia wazee, iliyokuwa tayari kunichukua, ilihitaji kwanza rekodi yangu ya polisi ichunguzwe, wadhamini wajibu barua, mafunzo yafanyike, na kwamba ukianza kazi katikati ya mwezi unalipwa mwisho wa mwezi unaofuata. Mshahara wangu wa kwanza uliingia Desemba. Wala daftari halikujua kwamba kwa mwanafunzi wa uzamili majira ya joto si likizo, kwa hiyo saa 20 hubaki zilezile hata mwezi wa Julai, wakati wenzake wa shahada ya kwanza wanaruhusiwa kufanya kazi kutwa.

Oktoba na Novemba niliishi kwa mkate. Kwenye duka kubwa lililokuwa chini ya kilima, ikifika kama saa moja jioni, kijana mmoja alipita na mashine ndogo mkononi akibandika vibandiko vya njano kwenye vyakula vinavyokaribia kuharibika. Mkate wa pauni moja na ushei ulishuka hadi senti 20 hivi. Tulikuwa tukimsubiri, mimi na wazee wawili wenyeji na mwanafunzi mmoja Mnijeria, kila mmoja akijifanya anasoma maandishi ya kopo fulani la maharagwe. Hatukuwahi kusalimiana. Tulijuana kwa viatu.

Huo ndio mwaka ambao bei za gesi na umeme zilipanda Uingereza nzima, nami sikuwasha kipasha joto hadi Desemba. Nilituma nyumbani picha moja ya theluji. Mama aliionyesha soko zima.

Usiku mmoja wa Novemba nilikuwa natafuta karatasi ya kuandikia upande mmoja, nikaitoa ile taarifa ya benki yenye mihuri. Nyuma yake niliandika kodi, chakula, basi, simu, vitabu, koti, nikajumlisha kwa mwezi. Nilipata pauni 940. Nikageuza ukurasa.

Pauni 9,207 kwa miezi tisa, yaani pauni 1,023 kwa mwezi. Ndicho kiasi nilichokuwa nimeapa kwamba ninacho.

Kwa miezi mingi nilikuwa nimekichukulia kiasi kile kuwa geti, kitu kilichowekwa na watu wasiotutaka ili tuchoke tugeuke nyuma. Inawezekana ni geti kweli, sitawatetea. Lakini usiku ule niliona kwamba, geti au si geti, mtu fulani alikuwa ameketi mahali akahesabu mkate, kodi na nauli, na hesabu yake ilikuwa imekaribia sana kuwa sahihi. Wa kudanganywa na karatasi ile hakuwa afisa wa viza peke yake. Afisa aliisoma akaendelea na kazi yake. Mimi ndiye niliyekwenda kuishi ndani yake.

Hoja za upande wa pili

Kama hadithi ingeishia hapo, jibu kwa mtoto lingekuwa rahisi, na nisingekuwa naandika haya.

Nilimaliza. Nilisinzia darasani, nilipata alama ndogo kuliko nilizostahili katika muhula wa kwanza, lakini nilimaliza nikarudi, na kazi niliyo nayo leo hapa Kisumu isingepatikana bila cheti kile. Mshahara huo ndio uliomlipia huyuhuyu binti miaka miwili ya mwisho ya chuo kikuu. Kama mwaka 2022 ningengoja hadi milioni 1.3 ziwe zangu kwa maana kamili ya neno, ningekuwa bado nangoja, na sasa ningekuwa nangojea milioni 1.78, kwa sababu kiwango chenyewe hupanda na shilingi nayo haina msimamo.

Halafu kuna historia ya upande wetu wa ziwa. Mwaka 1959 ndege ya kwanza iliyoandaliwa na mwanasiasa Tom Mboya ilipaa na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Mboya mwenyewe amezikwa Rusinga, mwendo wa saa chache kutoka ninapoandikia. Vijana wale walichangiwa pesa za mfukoni na vijiji vyao, kwa harambee. Nimekua nikiwasikia wazee wakiwataja kama mashujaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama pesa zile zililala mahali popote. Tofauti ninayoiona ni kwamba mchango ule ulikwenda na aliyechangiwa. Mtu alipanda ndege nao. Deni lilikuwepo, tena kubwa, lakini lililipwa kwa kurudi na kusomesha wadogo, na si kwa simu ya asubuhi iliyofuata.

Nilipofika hapo katika kuwaza nilianza kuona ni nini hasa kilichokuwa kinanikera. Lakini kabla sijapata la kusema, binti alikuja na jambo jingine.

Wakala

Wiki ya tatu aliniambia, huku akiangalia simu yake, kwamba kuna wakala mjini, ofisi iko orofa ya pili, anayeweza kuweka kiasi chote kwenye akaunti na kukiondoa siku ikifika. Anatoza asilimia yake, na kadi ya benki anakaa nayo mwenyewe.

Nilipandisha sauti, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Nilimkumbusha wazazi walioandamana Eldoret mwaka 2023 wakidai pesa walizolipia watoto wao masomo ya Finland na Kanada. Nilimwambia kwamba ombi likikataliwa kwa sababu ya udanganyifu, mwombaji anaweza kufungiwa mlango wa Uingereza kwa miaka 10, na kwamba miaka 10 hiyo ingekuwa yake, wakala angekuwa bado yuko orofa ya pili akimhudumia mwingine. Yote hayo ni kweli. Alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Sawa, shangazi," kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

Usiku nilijiuliza ni nini kilichonitofautisha na wakala yule.

Nilipata moja tu: mimi nisingemtoza.

Zilikuwa zako?

Jumamosi iliyofuata umeme ulipotea, tukakaa nje barazani. Nilimwambia nilichoamua. Pesa za kulala sitampa. Nitampa shilingi 600,000 zikiwa zake kabisa, hata akiamua kutokwenda, na hizo ndizo nilizo nazo. Pengo ni kubwa, mwaka huu halizibiki. Aandikie chuo kikuu kuomba nafasi yake isogezwe hadi Septemba mwaka ujao, aandikie na mfuko wa ufadhili, na katika mwaka huo tuitishe harambee ambayo kila anayetoa ataulizwa waziwazi, kwa kalamu na daftari, kama ametoa au amekopesha.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Mbu walikuwa wengi.

"Shangazi, wewe ulipokwenda, zilikuwa zako?"

Ningeweza kumjibu kama nilivyozoea kuwajibu watu. Nilimweleza yote: mikupuo mitatu ya M-Pesa, baba mdogo akitembea kwa miguu, kijana wa vibandiko vya njano. Kuhusu picha ya theluji nilimwambia kwamba niliipiga nikiwa nimerudi kutoka kanisa moja lililogawa vyakula vya kopo kwa wasiojiweza, na kwamba mfuko wa vyakula hivyo ulikuwa miguuni pangu, nje ya picha.

"Mbona hukuwahi kusema?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba watu 14 wakikuombea sokoni kila asubuhi, ni vigumu kuwapigia simu kuwaambia una njaa.

Alilia kidogo, kisha akaingia ndani kulala. Sikujua kama ananililia mimi au analilia Septemba yake.

Yalipofikia

Chuo kikuu kilijibu baada ya siku 11. Nafasi yake imesogezwa hadi Septemba 2026. Mfuko wa ufadhili haujajibu, na hapo ndipo nilipomtia hatarini: ukikataa kuihamisha karo, nitakuwa nimemkosesha safari ambayo wakala angeweza kuifanikisha. Nalijua hilo kila ninapomwona akifungua barua pepe.

Mama yake alikuja wiki jana. Alikataa chai, jambo ambalo kwetu si dogo. Alisema nimekwenda mimi, nimerudi na nyumba na kazi, na sasa naweka masharti. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," akasema, akafunga leso yake vizuri akaondoka kuwahi matatu. Nilitaka kumwita nimweleze kuhusu Novemba, lakini ni kweli kwamba leo nimeshiba, na ni kweli kwamba aliyeketi mbele yangu alikuwa ameamka saa tisa usiku kwenda kupokea sukumawiki.

Baba mdogo, ambaye deni lake nilimaliza kumlipa mwaka jana, ameahidi kuanza na 50,000. Nilimuuliza kama ni zawadi au mkopo. Alicheka sana, akaniuliza ni tangu lini nimekuwa Mzungu. Kisha akafikiri, akasema, "Zawadi. Andika zawadi."

Binti mwenyewe haongei nami sana. Anaamkia, anapika, anakwenda kwenye kazi ya muda aliyoipata Milimani. Lakini nimeona daftari jipya juu ya meza yake, na kurasa zake amezichora mistari ya safu tatu. Na usiku wa kuamkia leo, akiwa chumbani kwake na mimi nikiwa changu, ukuta mmoja tu kati yetu, alinitumia ujumbe kwenye simu.

"Shangazi, mkate wa kule ni pauni ngapi?"

Nilikaa na swali hilo kidogo, kisha nikamwandikia: "Wa asubuhi, au wa saa moja jioni?"